Baada ya Kuinuka Kitandani

Somo la kusomwa nyumbani na katika vikundi. Kwanza fungueni Injili ya Marko, mlango wa 5, tangu mstari wa 21 hadi mwisho wa mlango.



Katika mlango huu twasoma habari za wagonjwa wawili. Wa kwanza ni mama aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Wa pili ni binti wa Yairo, naye alikuwa na umri wa miaka 12, ambaye Bwana wetu alimshika mkono akamwinua. Mara nyingi mahubiri huishia pale binti aliposimama na watu wakashangaa. Marko lakini haishii pale. Aeleza kwamba Bwana aliwaagiza wazazi mambo mawili: habari hii isitangazwe, na mtoto apewe chakula. Aliyemtoa mautini hakuona aibu kuuliza habari za uji.

Tuyaweke akilini mambo hayo mawili, chakula na siri, maana tutayarudia.

Somo letu la safari hii ni juu ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao waliugua sana, pengine kwa kifua kikuu, pengine kwa kuharisha kusikokoma au kwa homa ya uti wa mgongo, wakafika karibu na kaburi, kisha wakapata dawa wakainuka. Huku kwetu Mtua, kama katika vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa, mtu wa namna hiyo akirudi kutoka hospitali twamshukuru Mungu, twamtembelea siku mbili tatu, halafu kila mmoja hurudi shambani kwake. Twasema, "Huyu amepona." Twataka kuonyesha kwamba neno hilo twalisema mapema mno, na ya kuwa miezi ile ya mwanzo baada ya kuanza dawa huwachukua wengi ambao wangeweza kuishi.

ASKARI WANAORUDI POLEPOLE

Mungu ameweka katika damu yetu askari wa namna nyingi. Wapo wanaokamata vijidudu, wapo wanaotengeneza silaha, na wapo wanaotoa amri. Hao wa kutoa amri huitwa CD4. Virusi vya UKIMWI huwaingia hasa hao, huzaana ndani yao na kuwaua. Jeshi likikosa wa kuliamuru, hata askari waliobaki hawajui waende wapi.

Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kipimo cha damu kilicho kidogo kuliko tone. Wakishuka chini ya 200, Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba ugonjwa umefika mbali, kwa sababu hapo ndipo huingia maradhi ambayo mwili wenye nguvu huyafukuza bila mwenyewe hata kujua kwamba yalipiga hodi.

Dawa za kufubaza virusi, ambazo Serikali yetu ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, haziumbi askari wapya. Wengi hawalijui jambo hili. Kazi yake ni kuvizuia virusi visizaane. Na kazi hiyo huifanya upesi: kwa walio wengi wanaomeza kidonge chenye dolutegravir, kilichoanza kutumika nchini mwaka 2019, virusi huwa vichache mno hata kipimo hakivioni tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Lakini askari hurudi kwa mwendo wao wenyewe. Ni kama nguruwe walioingia katika shamba la mihogo. Waweza kuwafukuza wote kwa usiku mmoja, lakini asubuhi yake mihogo haijaota. Lazima uingoje.

Katika mwaka wa kwanza askari huenda wakaongezeka 100 au 150, na baada ya hapo huongezeka polepole zaidi. Basi aliyeanza dawa akiwa na askari 30, na apige hesabu mwenyewe. Itamchukua mwaka mzima au zaidi kuvuka 200, na miaka mingine kadhaa kukaribia 500. Wengine hawafiki kabisa, hasa walioanza wakiwa na umri mkubwa, kwa kuwa kiungo kidogo kilicho nyuma ya mfupa wa kifua, ambacho ndicho shule ya askari hao, husinyaa kadiri mtu anavyozeeka. Kutofika 500 si hukumu ya kifo. Ila mtu huyo na ajue kwamba ukuta wake bado una matundu, na watu wa nyumbani mwake nao wajue.

WEZI WALIOKWISHA KUINGIA NDANI

Yapo mambo mawili yanayowasumbua sana ndugu wa mgonjwa, na kwa kutoyaelewa wengi wamemtoa mgonjwa wao katika dawa. Tuyaeleze kwa urefu.

La kwanza ni hili. Mtu ameanza dawa, wiki ya tatu au ya nne aanza kupata homa, tezi zavimba shingoni, kikohozi chazidi. Jirani asema, "Dawa zenyewe ndizo zinazommaliza." Hayupo wa kumlaumu jirani huyo, kwani ndivyo inavyoonekana kwa macho. Lakini fikirini nyumba iliyoingiwa na wezi wakati walinzi wamelala. Nyumba imetulia, hakuna kelele. Walinzi wanapoamka, ndipo fujo zinapoanza, viti vyavunjika, watoto walia. Kifua kikuu chaweza kukaa kimya katika mwili usio na askari, na mara askari wanaporudi, hata wakiwa wachache, mapigano huanza. Daktari analijua jambo hili na anazo dawa za kutuliza mapigano hayo. Linalotakiwa ni kumrudisha mgonjwa kituoni siku ile ile bila kungoja tarehe ya kliniki, na dawa asiache mpaka daktari aseme.

La pili ni kinyume cha hilo. Mgonjwa amelazwa, amepimwa, amekutwa na virusi, na bado daktari hampi dawa za kufubaza virusi. Ndugu wakasirika, wasema ametelekezwa. Mara nyingine sababu ipo. Kuna homa ya utando wa ubongo iletwayo na kuvu inayokaa katika udongo na mavi ya ndege. Huanza kwa kichwa kuuma siku nyingi bila kukoma. Mwaka 2014 yalitolewa majibu ya utafiti uliofanywa Kampala, Mbarara na Cape Town kwa wagonjwa 177 wa homa hiyo. Walioanzishwa dawa za virusi mapema, katika wiki mbili za kwanza, walikufa wengi zaidi kuliko waliongojewa wiki tano hivi: baada ya miezi sita waliokufa walikuwa 45 katika kila mia kwa kundi la kwanza, na 30 katika kila mia kwa kundi la pili. Ndiyo maana daktari huitibu kuvu kwanza. Basi mtu akiambiwa angoje, aulize sababu kwa upole, na akiisha kuelezwa aikubali.

Juu ya kifua kikuu chenyewe hatuna haja ya kusema mengi. Mwenye virusi hukipata kwa urahisi mara nyingi kuliko mtu asiye navyo, nacho ndicho kinachowaua wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Tanzania ilikuwa na Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma tangu mwaka 1977, na dunia ilijifunza mengi kwetu, hasa hili la mgonjwa kusimamiwa na mtu anapomeza dawa. Mambo mawili tu yafaa kukumbushwa. Kwanza, anayetibiwa kifua kikuu huku anameza dolutegravir huhitaji kidonge cha pili cha dolutegravir baada ya saa 12, kwa sababu dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huipunguza nguvu ile ya virusi. Ukipewa dawa hizi mbili katika vyumba viwili tofauti, vitaje vyumba vyote viwili mbele ya kila mwuguzi. Pili, asiye na kifua kikuu naye hupewa vidonge vya kukizuia. Huko Abidjan, watu zaidi ya 2,000 walifuatwa kwa karibu miaka mitano, na waliomeza isoniazidi miezi sita tu walipungukiwa na vifo kwa zaidi ya theluthi moja. Pamoja na vidonge hivyo pombe haifai, iwe uraka au gongo, kwani vyote viwili huchosha ini.

Na ile septrini ambayo watu huiona ya kawaida, wakaiacha mfukoni au kumpa mtoto mwenye mafua: hiyo ndiyo inayokaa mlangoni badala ya walinzi mpaka walinzi warudi. Yazuia kichomi cha namna fulani, kuharisha kwa namna fulani, na husaidia hata katika malaria. Isiachwe mpaka kliniki iseme.

WALIOTEMBELEWA NA WASIOTEMBELEWA

Sasa tunafika penye kiini cha somo. Huenda msomaji amekwisha kujiuliza kama mtu aliyeanza dawa akiwa amechelewa hivyo ana tumaini gani. Tumaini lipo, tena kubwa. Tangu mwaka 2003 madaktari wa Entebbe, Kampala na Harare waliwafuata watu 3,316 ambao wote walianza dawa wakiwa na askari pungufu ya 200, wengi wao chini ya 100. Baada ya miaka mitano, karibu tisa katika kila kumi walikuwa hai. Watu hao wasingalipata dawa, wengi wao wasingaliimaliza miaka hiyo.

Hata hivyo miezi ya mwanzo ilibaki kuwa bonde la hatari, na Watanzania wenzetu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Zambia na Uingereza, wakauliza swali jepesi: je, mtu huyu akitembelewa nyumbani, itasaidia? Kati ya mwaka 2012 na 2013 waliwaandikisha watu 1,999 katika kliniki za Dar es Salaam na Lusaka, wote wakiwa na askari chini ya 200. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa damu kuona kama wanayo ile kuvu ya ubongo, na pamoja na hayo walitembelewa nyumbani mara moja kila wiki kwa wiki nne za mwanzo. Waliotembelea hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kidogo: kuuliza kama dawa zamezwa, kuuliza kama kuna dalili mpya, kumtia mtu moyo.

Baada ya mwaka mmoja, kati ya watu 998 wa matibabu ya kawaida walikuwa wamekufa 180. Kati ya watu 1,001 waliotembelewa, walikuwa wamekufa 134. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2015. Twakiri kwamba watafiti walifanya mambo mawili pamoja, kipimo na matembezi, hata haiwezekani kusema kwa hakika ni kipi kiliokoa wangapi. Ila waliokutwa na kuvu walikuwa wachache mno, na kwa hiyo haielekei kwamba kipimo peke yake kilifanya kazi yote.

Tufikiri kidogo juu ya matembezi hayo. Ni mara nne, kwa wiki nne. Hayakuhitaji gari wala shahada, na katika mtaa wetu, ambapo Umoja wa Mama na walimu wa kanisa wamezoea kutembelea wagonjwa tangu siku za wamisionari, wa kuyafanya wapo. Tofauti ni kwamba sisi huenda mtu akiwa mahututi, twaomba, twalia, na mara anapoanza kula twaacha kwenda. Wenzetu wa Dar es Salaam na Lusaka walianza pale sisi tunapoachia.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla sehemu kubwa ya misaada yake, na katika nchi nyingi za Afrika watu waliokuwa wakilipwa posho kuwafuata nyumbani wagonjwa walioacha kliniki walipoteza kazi. Hayupo asiyejua kwamba mtu akipotea kliniki miezi mitatu, bila mtu kumfuata, kurudi kwake ni kugumu, kwa aibu zaidi kuliko kwa ugonjwa.

JUU YA KUACHA DAWA

Mtu haachi dawa akiwa mgonjwa. Huacha akiwa mzima. Amenenepa, amerudi kulima, watu wamesahau, naye asema, "Kwani bado?" Mwaka 2006 yalitangazwa majibu ya uchunguzi wa watu 5,472 katika nchi 33. Baadhi yao waliruhusiwa kupumzika dawa kila askari walipokuwa wengi, na kuzirudia walipopungua. Uchunguzi ule ilibidi usimamishwe kabla ya wakati wake, kwa maana waliopumzika walikufa au kupata maradhi mabaya zaidi ya mara mbili kuliko waliomeza bila kukatiza. Na ajabu ni kwamba wengi hawakufa kwa kifua kikuu au kichomi. Baadhi yao walikufa kwa moyo, ini na figo. Virusi vikiachiwa huuwasha mwili wote moto mdogo mdogo, na moto huo huunguza hata mahali pasipokuwa na askari.

Wengine huacha kwa ajili ya imani, na hapa sisi wa Kanisa hatuna budi kusema wazi. Wote mwakumbuka mwaka 2011, watu walivyokwenda kwa maelfu kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Viongozi walikwenda, wasomi walikwenda. Hatusemi neno juu ya nia ya mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2021. Lakini wapo walionywa kikombe wakaacha dawa za virusi, na virusi vikarudi, na wengine wao hatunao leo. Mama yule wa Injili aligusa vazi akapona, nasi twaamini hivyo. Lakini wakoma kumi, katika Luka 17, waliagizwa na Bwana mwenyewe waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio walioangalia na kuthibitisha kama mtu ametakasika. Mtu akishuhudia kwamba ameponywa, yafaa akapimwe, na wakati wa kungoja majibu aendelee kumeza.

Wengi zaidi huacha bila kukusudia. Sisi ni watu wa mashamba. Mvua zikianza Desemba, familia huhamia mashamba ya mbali kulinda mahindi na mpunga dhidi ya nyani na nguruwe, na huko hukaa mpaka mavuno. Tarehe ya kliniki yapita. Tena msimu wa korosho ukifika mtu yupo kwenye mikorosho tangu alfajiri. Basi mwenye kuhama amwambie mwuguzi mapema. Mtu ambaye hali yake imetulia huweza kupewa dawa za miezi mitatu, na wengine miezi sita, na hakuna sababu ya kuona haya kuziomba. Dawa zikae katika kopo lake lenye kifuniko, mahali pakavu kibandani, mbali na moshi na mikono ya watoto.

CHAKULA, NA KWARESIMA

Tumerudi kwa binti Yairo. Mwili unaozaa askari wapya hula kama mjenzi anayekula matofali. Watu husikia "lishe bora" wakafikiri maziwa ya kopo na vitu vya dukani, wakati chakula chenyewe kimeota mbele ya nyumba: kunde, mbaazi, karanga, ufuta, kisamvu, majani ya maboga, yai, dagaa. Uji uliotiwa karanga zilizopondwa ni chakula cha mgonjwa kuliko soda tunazompelekea. Maji yachemshwe. Alale ndani ya chandarua.

Kwaresima yetu huangukia miezi ya njaa, ghala likiwa tupu na mavuno bado. Kanisa halikuwawekea wagonjwa sharti la kufunga, na mtu aliyetoka hospitali chini ya mwaka mmoja, ambaye uzito wake haujarudi, yeye ni mgonjwa hata kama anatembea. Na asifunge. Akiona uchungu kuachwa nje ya mfungo wa wenzake, atafute namna nyingine ya kujinyima pamoja na padre wake. Na wenye kufunga, kile walichokiacha mezani mwajua wenyewe kipelekwe nyumba gani.

JUU YA SIRI

Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa ile yenye maambukizo machache kabisa, chini ya mtu mmoja katika kila mia, wakati Njombe ilikuwa na zaidi ya 11 katika mia. Twamshukuru Mungu. Lakini uchache huo una ubaya wake. Mahali penye wagonjwa wengi kila nyumba imeonja, na watu huzungumza. Mahali penye wachache, mmoja akijulikana hunyoshewa kidole kijiji kizima, na kwa hofu ya kidole hicho wapo wanaopita zahanati iliyo jirani wakaenda kuchukua dawa wilaya nyingine, mpaka siku nauli inapokosekana.

Kwa hiyo wenye kutembelea wasitembelee "wagonjwa wa UKIMWI". Watembelee wote waliotoka hospitali, na wote wenye maradhi ya muda mrefu: mwenye kupooza, mwenye kisukari, mzee wa pumu, mjane mwenye presha. Mlango ukifunguliwa kwa wote, hayupo atakayejua nani ana nini. Wasiulize jina la ugonjwa. Maswali yanayotosha ni haya: "Dawa zipo? Zimebaki za siku ngapi? Kliniki ni lini? Usiku unalalaje?" Mwenye kutaka kusema ugonjwa wake atasema mwenyewe, na akisema, neno hilo lisitoke kwenda hata kwa mume au mke wa aliyetembelea. Wala ugonjwa wa mtu usitajwe katika maombi ya kanisani bila ruhusa yake. Twajua inafanyika, kwa nia njema, na imewafukuza watu kanisani.

Zipo dalili ambazo hazingoji: kichwa kuuma zaidi ya siku chache, kuchanganyikiwa, kushindwa kupumua, kikohozi na jasho la usiku, macho kuwa manjano au kuona giza, kuharisha kusikokoma. Akionekana hivyo, siku hiyo hiyo apelekwe. Ni bora baiskeli iazimwe usiku kuliko kungoja Jumapili.

WALIOISHI MIAKA MINGI

Wapo sasa, hata miongoni mwetu, walioanza dawa zaidi ya miaka 15 iliyopita na wamekuwa mababu na mabibi. Kwao hatari imebadilika sura. Presha, kisukari na moyo ndivyo vya kuangaliwa, na kila waendapo kliniki waombe wapimwe presha. Kwa akina mama ipo saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwapata wenye virusi mara sita kuliko wengine. Upimaji wake ni wa dakika chache, mwuguzi hupaka siki na kutazama, na ikionekana mapema hutibika. Akina baba wao wana tatizo lao: hawaji kliniki ila wamebebwa, na ndiyo maana huko Uganda ilionekana kwamba wanaume wanaotumia dawa huishi miaka michache kuliko wanawake. Dawa ni zile zile. Siku ya kuanza ndiyo si ile ile.

SWALI TULILOULIZWA

Mwanakikundi mmoja ameuliza kama yafaa mwenye virusi kunywa katika kikombe kimoja na wengine wakati wa Ushirika Mtakatifu. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kikombe, wala kwa mate, wala kwa kupeana amani. Tena aliyemeza dawa vizuri hata virusi vyake havionekani kipimoni, hawaambukizi wengine hata katika ndoa. Kama kuna wa kuogopa mwenzake katika ibada, ni yeye mwenye askari wachache atuogope sisi tunaokohoa ovyo tumefunga madirisha. Kifua kikuu husafiri katika hewa. Wazee wa kanisa wameombwa madirisha ya upande wa upepo yawe wazi tangu kengele ya kwanza, hata wakati wa mvua, na wenye kikohozi cha wiki mbili wakapime makohozi zahanati kabla ya Jumapili ijayo.